Mtu Aliyerudi Kuchukua Gari Lake

Buyenzi, 9 Novemba 2002

Mujomba Twahiru,

Assalaam alaykum. Ramadhani imetukuta tuko wazima, mi ninaomba ikukute hivyo na we huko Kigoma. Mama anakusalimu. Muguu wake bado unamusumbua, anatembea mpaka mulangoni na kurudi, lakini mudomo haujaugua hata kidogo: leo asubuhi amegombana na mwuza makaa mpaka mwuza makaa mwenyewe akaanza kucheka. Ilias anakusalimu. Mwanvua wa nyumba ya pili amejifungua binti, wamemwita Asiya. Barua inakuja na Mama Odette, yule Mukongomani wa vitenge. Mupe chai, anasema nyumba yako ni kavu.

Sasa neno lenyewe. Ni huyu mudogo wangu. Baba hayupo tena, we uko mbali, Ilias anajiona njo mwanaume wa nyumba, na njo maana hanisikilizi. Akisha kufuturu tu, anavaa viatu. Anakwenda kukaa na Idi. Unamukumbuka Idi, mutoto wa fundi wa radiateri? Alipotea mwaka muzima, amerudi, anasema alikuwa kwa wajomba zake kule Carama, pembeni ya mji, na hakuna mutu hapa anayejua kama ana mujomba Carama. Anakusanya vijana ukutani, anawaongelea polepole. Wawili waliokuwa wanakaa hapo hawakai tena, na mama zao hawataki kuulizwa. Wengine wanasema wako porini na bunduki. Mi sisemi kitu, mi naandika tu kile watu wanasema.

Kumufungia siwezi, ana miaka kumi na tisa. Nimejaribu kumushika kwa maneno. Juzi baada ya futari nimekaa kwenye mukeka, nikaanza hadithi ya jini: hapo zamani za kale paliondokea. Sikufika mbali. Alinitazama vile unavyomutazama mutu aliyevaa nguo kinyume, akacheka, akatoka.

Lakini we ulikuwa unatushika! Ukifungua mudomo hata mama anaacha chungu kiungue. Mujomba, ulikuwa unafanya nini? Nifundishe. Sitaki hadithi nzima, nataka ule mwanzo unaomufanya mutu asahau viatu.

Ni mi, Raihana.


Kigoma, 24 Novemba 2002

Mpwa wangu Raihana,

Waalaykum salaam warahmatullah. Nimefurahi kusikia dada Hayat bado anagombana, hiyo ndiyo dawa yake. Mimi mzima, ninatengeneza mashine za boti, mikono inanuka dizeli hata nikinawa kwa ndimu. Mama Odette amekunywa chai yangu vikombe viwili na bado amenisema. Mpe hongera Mwanvua. Na wewe usinicheke kwa Kiswahili changu, nimekaa na Watanzania muda mrefu, ulimi umenyooshwa kwa nguvu.

Sasa hadithi. Jamani, Raihana! Kijana wa siku hizi unamwanzia na zamani za kale? Umemwambia kwa kinywa chako kwamba yote yamekwisha, wahusika wamekufa, na hakuna kitu kinachoweza kumfikia pale alipokaa. Kwa nini asivae viatu?

Unajua mimi ni mgonjwa wa vitabu vya mizimu na vya upelelezi, vile vikuukuu vinavyouzwa chini sokoni, kurasa zinadondoka. Vingi mwisho wake ni wa ovyo, lakini mianzo yake! Nimeisoma nikitaka kujua wale mabingwa wa zamani wananikamata wapi, kama ninavyosikiliza mashine nijue inagonga wapi.

Wengi hawaanzi na mzimu. Wanaanza na mtu asiyependa maneno ya mizimu, mhasibu au daktari, mtu wa akili zake. Huyo ndiye anayesema: mimi mambo haya siyaamini, na jambo hili sikutaka kulisema. Basi! Mtu asiyetaka kusema ndiye tunayembembeleza aseme. Mwongo hukimbilia kusimulia, mkweli hujivuta, na sisi tunamwendea huyo anayejivuta.

Halafu kila kitu kiwe sawa isipokuwa kimoja. Nyumba safi, chai mezani, mlango umefungwa kwa ndani, na mwenye nyumba hayumo. Ukiweka maajabu saba msikilizaji anastarehe, anajua ni hadithi. Ukiweka moja, dogo, anaanza kulitafutia sababu, na akishaanza kutafuta huyo ni wako. Wale wa upelelezi ndivyo wanavyofanya pia: maiti kwanza, sababu baadaye, na katikati wewe unahangaika.

Na iwe mahali anapoweza kupanyooshea kidole. Usimpeleke Baghdadi. Mpeleke nyuma ya msikiti, kwenye kile kibanda cha betri.

La mwisho, na hili ni gumu kwako kwa sababu una mdomo wa mama yako: ukiona wameinama mbele, nyamaza. Koroga chai. Acha wao wakuombe.

Jaribu, uniambie. Na huyo Idi asikanyage kwenu.

Mjomba wako, Twahiru.


Buyenzi, 20 Desemba 2002

Mujomba,

Assalaam alaykum. Idi mubarak, ijapokuwa imechelewa. Mama amekula sana pilau na sasa anasingizia muguu. Mutoto Asiya anaota mwili. Ilias anakusalimu, yuko hapa anatengeneza jiko, ni kweli kabisa, yuko hapa!

Mujomba, we ni muchawi. Nilifanya vile ulivyosema. Nilikaa, nikatoa mchele mawe, nikasema kwa mama lakini kwa sauti ya kusikika: leo nimepita kwenye kile kibanda cha betri, na kile nimekiona sitakisema, mutanicheka. Ilias alikuwa ameshika kiatu kimoja. Mama, mwenyewe hakujua kitu, akasema: sema basi, unatutisha bure. Mi nikasema apana, ni upuuzi, pengine nimechoka. Ilias akaweka kiatu chini. Wallahi, nilitaka kulia kwa furaha, nikaendelea kutoa mawe.

Tangu siku ile anakaa. Kila siku baada ya Magharibi mukeka unatandikwa, mi ninaanza, na ninakatia pale panapowasha. Watoto wa Mwanvua wakaja. Halafu wakaja wa nyumba za nyuma. Nikafurahi, nikajivuna kidogo, na hapo njo nimeharibu. Sisi hapa Buyenzi mutu akikuta watu wamekaa kwenye mukeka hafukuzwi, we unajua, anasogezewa nafasi na kupewa chai. Alhamisi ya wiki iliyopita mulango ukafunguliwa, akaingia Idi. Akatoa salamu kwa adabu, akavua viatu, akakaa pembeni. Mama akamusogezea kikombe. Ningefanya nini?

Sasa anakuja kila siku. Anakaa karibu na Ilias. Anasikiliza vizuri kuliko wote, mujomba, na njo kile kinachonitisha: anainama mbele kama mutoto. Nikinyamaza anasema, endelea dada. Mi naendelea. Nikimaliza hadithi watasimama pamoja na kutoka pamoja, basi simalizi. Nimetafuna hadithi zote ninazojua, na nimechoka.

Kwa hiyo nimeanza ile yako. Ile ya gari. Ilias mwenyewe ameiomba, anaikumbuka neno kwa neno tangu mwaka ule wa risasi, tisini na tano, mbele ya kuondoka kwako: “Siku moja mchana mtu alikuja gereji kuchukua gari lake. Akalitazama, akafurahi, akatushukuru mmoja mmoja kwa jina, akawasha, akaondoka. Asubuhi ile ile sisi wote wa gereji tulikuwa tumetoka kumzika.” Nilipoisema, hata Idi alishika mukono wa mutu wa karibu.

Lakini sijui inakwenda wapi. Hukutumalizia. Na marehemu Bibi Sijaona alitukataza: hadithi anaimaliza yule aliyeianza, mwingine akiimaliza anakata bahati ya watu wa nyumba. Mama bado anashika neno la mama yake, hataki nibuni. Nitumie mwisho, haraka. Nani alikuja kuchukua gari?

Raihana.


Kigoma, 15 Januari 2003

Mpwa wangu,

Waalaykum salaam. Mimi sijambo. Mvua imenyesha mpaka karakana imekuwa bwawa, tunafanya kazi na suruali zimekunjwa. Mwambie dada Hayat nimepata mafuta ya kuchua, Mama Odette atayaleta. Mafundi wote wanakusalimu, nimewasimulia kibanda cha betri wakanibishia saa nzima.

Idi simpendi, na kukaa kwake kimya ndiko nisikokupenda zaidi. Usimwonyeshe kwamba unamwogopa. Ukiishiwa, fanya wanavyofanya wale wa vitabu: katikati ya hadithi ingiza mtu mwingine naye aanze ya kwake. Mgeni anagonga, anaomba maji, anasema, mimi nimeona jambo barabarani. Utapata siku kadhaa.

Mwisho wa ile ya gari siuandiki kwenye karatasi. Kuna mambo hayaandikwi. Usiniulize tena.

Kuna kampuni hapa inatafuta vijana wa kubeba saruji na kufunga kamba botini. Nasema tu.

Mbona Ilias haniandikii hata mstari mmoja?

Twahiru.


Buyenzi, 27 Februari 2003

Mujomba,

Assalaam alaykum. Mafuta yamefika, shukrani. Tuko salama. Mama anakusalimu, Mwanvua anakusalimu, Asiya ameanza kucheka na watu. Na mi niko muzima.

Joto ni jingi mwaka huu. Bei ya sukari usiulize. Pale Jabe sokoni nimepata kitambaa kizuri cha pazia, ninashona.

Mukeka hatutandiki tena. Watu wamechoka na hadithi.

Sina lingine.

Raihana.


Kigoma, 10 Machi 2003

Raihana,

Waalaykum salaam. Mimi mzima na hayo yanatosha.

Unafikiri mimi nimezeeka? Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Umeniletea salamu za mama yako, za jirani, za kitoto kisichojua hata kusema. Pazia umelitaja. Kila kitu kimekaa sawasawa na mtu mmoja hayumo. Barua zako zote, baada ya mama anakuja Ilias. Huu ndio mwanzo mzuri kuliko yote niliyowahi kusoma, umenikamata shingo, na sijaupenda hata kidogo.

Yuko wapi?

Kama amekufa niambie. Kama amekwenda niambie. Usinifiche ukidhani unanionea huruma, mimi hapa silali, na sina silaha yoyote ila kuwaza. Huyu mtoto nilimbeba mgongoni.

Kama bado yuko, au akirudi, hata kwa siku moja, fanya hivi. Usimwambie akimbie, atakataa, atasema si mwoga na hamwachi mama. Msimulie ile ya gari, mwanzo wake tu, polepole, uinyamazie pale pale inapokata. Halafu mwambie: mwisho anao mjomba, na mjomba anautoa kwa mdomo, si kwa karatasi, kwa mtu aliyekaa mbele yake. Mama Odette anajua mabaharia wa boti la saruji. Likishashusha mzigo kwenu linarudi tupu, na mtu mmoja wa kufunga kamba hawamkatai.

Nilikuandikia kwamba mwanzo unamshika mtu akae. Sikukuambia yote. Mwanzo mzuri unamwinua pia, anakwenda kutafuta mwenyewe. Mtume huko.

Jibu upesi, nakuomba.

Twahiru.


Buyenzi, 2 Aprili 2003

Mujomba,

Assalaam alaykum. Mama yuko, mi niko. Nisamehe, nitasema yote.

Ilias aliondoka na Idi mwezi wa pili. Hakuaga. Mama aliniambia nisikuandikie, anasema ukiandika kitu kwenye karatasi kinakuwa kweli. Njo maana nimekuandikia pazia.

Amerudi Jumapili iliyopita. Alikuja kwa miguu, peke yake, miguu imevimba vidole havionekani. Alikula. Nilimuuliza mulikuwa wapi, akasema: kule juu, mbele ya Carama. Nilimuuliza umefanya nini, akaangalia ukuta. Mutoto wa Mwanvua aliangusha sufuria, Ilias akalala chini tumbo kwa sakafu, mbele ya mama. Mama aliona. Tangu siku ile mama hagombani na mutu.

Alisema amepewa ruhusa ya kusalimia nyumbani, Idi atakuja kumuchukua Ijumaa baada ya sala. Asipokwenda, wanajua nyumba. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, vile mutu anavyosema kesho ni soko.

Barua yako imefika Jumanne asubuhi. Ilikuwa ni Mungu. Alasiri ile ile nikamukalisha, yeye na mama, mulango wazi na jua ndani, nikasema, nisikilize. Nikaisimulia. Siku moja mchana mutu alikuja gereji. Polepole vile ulivyosema. Nikakata. Akanitazama, akasema: endelea. Nikamwambia, siwezi, si yangu. Mwisho anao mujomba Twahiru, kule Kigoma, anautoa kwa mudomo. Boti la saruji liko kwa port, linaondoka kesho.

Aliangalia mama. Mama akasema, mi pia nataka kujua nani alichukua gari. Mujomba, mama hajawahi kudanganya mutoto wake maishani.

Leo asubuhi ametoka na Mama Odette, amebeba furushi la vitenge kichwani kama mubebaji wake. Hakugeuka nyuma. Mi na mama tumekaa. Barua hii ninaipa Cirimwami, kaka wa Mama Odette, anakwenda kwa njia ya Uvira, upande wa Kongo, itachelewa.

Ninaongeza, leo Ijumaa, Cirimwami bado hajaondoka. Idi amekuja. Amesimama mulangoni na wengine wawili nisiowajua. Yuko wapi? Nikasema, amerudi kwenu jana, hamukukutana? Akanitazama muda. Nikajua haniamini. Nikachukua sinia ya mchele, nikakaa, nikasema kama ninayesema na mama: basi kama hakufika kwenu, mi sasa ninaelewa kile nilichokiona jana kwa njia, lakini sitakisema. Mukono ulikuwa unatoa mawe, moyo ulikuwa haupo. Wale wawili walitaka kuingia ndani kutafuta. Idi akawaambia, ngoja. Akavua viatu, akakaa. Akasema: umeona nini, dada?

Nimemusimulia mpaka wale wenzake wakachoka wakamuita. Ameahidi kurudi.

Ilias amefika? Nijibu hilo tu. Sitaki salamu, sitaki kitu kingine.

Raihana.


Kigoma, 30 Aprili 2003

Amefika.

Amefika Raihana, mzima, mikono miwili na miguu miwili. Tangu afike sikupata mtu wa kuja kwenu. Barua yako nimeipata jana tu na nimekimbia na viatu vya karakana kutafuta mtu wa kukuletea hii. Mwambie dada Hayat kabla hujasoma mstari wa pili. Nenda, nitakungoja hapa.

Alikuja na boti asubuhi, mwanzoni mwa mwezi huu, amejaa vumbi la saruji nywele mpaka kope, sikumjua. Alisimama mlangoni pa karakana. Mafundi wakasema, kuna mtu anakutaka. Akasema: “Mujomba, nimekuja kusikia mwisho.” Hata salamu hakutoa.

Nilimpa maji aoge. Nilimpa ugali na samaki wa mgebuka, akala mpaka nikaona aibu kumtazama. Muda wote najivuta, naulizia Buyenzi, naulizia nani amekufa. Nikamwambia tutaongea kesho. Kesho yake nikamwambia Ijumaa. Niliogopa, mpwa wangu. Nilijua nikishamaliza hana tena sababu ya kukaa, atapanda boti.

Kwa sababu hakuna mwisho. Haujawahi kuwepo. Siku ile mwaka wa tisini na tano risasi zilikuwa mtaa wa pili, nyinyi mko chini ya kitanda, Ilias anataka kulia, na wenye bunduki wangemsikia. Nikasema lile lililonijia mdomoni. Mtu amekuja kuchukua gari lake. Akanyamaza. Nikaongeza kwamba tumemzika, akafungua macho na kusahau kulia. Zaidi ya hapo sikuhitaji, wale watu wakapita. Baadaye nyote mkaniuliza nani, nani, na mimi nikajifanya mwenye siri. Ndiyo maana sikuweza kukuandikia.

Basi Ijumaa baada ya sala nikamwambia hivyo hivyo, nimekaa mbele yake. Nikangoja akasirike. Amevuka ziwa kwa kitu ambacho hakipo.

Akasema: “Najua.”

Nikamuuliza umejua lini. Akasema: “Kule kule nyumbani. Raihana alikuwa anasimulia, akafika kwenye ‘akatushukuru mmoja mmoja kwa jina’, sauti ikakatika. Mi hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi, mujomba, hapo si mahali pa kulia. Nikajua ananiaga. Nikajua wote wawili wananidanganya, hata mama. Ningeuliza wangesema kweli, na wakisema kweli mi siondoki. Basi sikuuliza. Nikabeba furushi.”

Sikuwa na chai ya kukoroga.

Anafunga kamba botini sasa, upande huu tu, nimewaomba wasimvushe. Akisikia kishindo bado analala chini, na mafundi wamejifunza kutocheka. Huko aliyoyaona hajasema, na mimi simwulizi. Wewe na dada Hayat nawatafutia njia, hata kama ni kumbeba kwenye kiti. Usimsubiri Idi amalize kusikiliza.

Nilimpa karatasi akuandikie mwenyewe. Ameirudisha. Anasema akiandika tu “mama anaendeleaje” kesho yake atapanda boti la kurudi kwenu. Kwa hiyo naandika mimi. Mwambie mama yake kwamba leo mchana amekula, na ameomba kuongezewa.

Mjomba wenu, Twahiru.